Moto wa Mizizini

Hiki nitakachosimulia hamtakiamini, na siwalaumu. Hata mimi mjomba wenu, niliyeacha shule darasa la nne na mwalimu akashukuru Mungu kwa kubaki na kazi yake, nilikikataa niliposikia. Lakini dada yangu yu hai, amekaa hapa kando yangu anachambua maharage. Watu humwita Kisiki.

Aliingia porini na mumewe, baba mkwe na shemeji yake, mdogo wa mume, wakati huo njia pekee ikiwa ya nguruwe mwitu. Walilala chini ya turubai lililotoboka, wakanyeshewa mpaka magodoro yakaota uyoga. Sheria ya waliofyeka pori lile ilikuwa moja: mti uliokatwa si shamba. Shamba ni kisiki kilichong'oka. Ukiacha hata kimoja mpaka mvua ya kwanza, mwenzako ana haki ya kuingia alime.

Mume alikata miti kama mwenye deni nayo, mpaka mmoja ukamlalia mguuni. Mguu ukapona umepinda. Basi dada akashika sururu, mtoto mgongoni, akang'oa visiki vyote isipokuwa kimoja, katikati ya shamba, kigumu kuliko roho ya baba mkwe.

Mzee mwenyewe akaja, akakipiga teke, akacheka.

"Mkaza mwana, mvua inanukia. Hiki kikibaki, shamba anachukua mdogo mtu. Ardhi haikai na kiwete na mwanamke."

"Baba, huyo kiwete ni mwanao."

"Alikuwa," mzee akajibu, na mwanawe amekaa palepale ananoa panga.

Shemeji hakungoja hata hiyo mvua. Alijenga ghala lake mlemle shambani, jirani na kisiki, akalijaza mahindi na mbegu zake zote. Akipita, anapiga mluzi.

"Shemeji, chimba taratibu, usiniharibie shamba langu!"

Sururu ilipovunjika mpini, Kisiki akageukia moto. Alichimba chini ya kile kisiki, akatia makaa, akafukia yaungue polepole. Kila asubuhi akiyafukua anakuta yameloa, yamezimika.

"Umande huo," alisema shemeji, ndoo mkononi, haoni haya.

Dada akarudi shimoni. Aliyekwangua ardhi ile kwa kucha alijua kila mzizi unakokwenda. Akachimba zaidi, akaukuta mmoja mnene kama paja, mkavu, wenye uwazi ndani. Akasukumia makaa humo, mbali na maji ya ndoo. Moto wa mizizini hauna haraka. Hutambaa chini kwa chini kama umbea. Juu, shemeji aliendelea kumwagilia, akiona majivu baridi anafurahi.

Mume akautazama mzizi ule ulivyoelekea.

"Mama watoto, huu si unakwenda kule ghalani?"

"Noa panga," akamwambia.

Mchana mmoja wa jua kali sakafu ya ghala ikatitia na moto ukachomoza. Mahindi yakalia pa! pa! pa! Shemeji akatimua mbio na ndoo kuelekea mtoni, mke wake akichota mchanga kwa mikono na kupiga mayowe. Kisiki aliegemea jembe lake, hakuinua mguu.

"Shemeji! Ngoja umande!"

Halafu mvua ikaja. Baba mkwe akakiendea kisiki, akakipiga teke lake lile, na mguu ukazama kwenye majivu mpaka gotini. Akauchomoa, akaondoka akipangusa majivu. Shamba likabaki kwa kiwete na mwanamke.

Msimu ule watoto wa shemeji walichimba viazi mwitu na kunyang'anyana na nyani. Mwisho shemeji na mkewe wakaja mlangoni kwa Kisiki, midomo imepasuka, wakaomba mbegu.

Sasa tazameni utu wa ukoo wetu! Dada machozi yakamlengalenga, akafungua ghala, akambebesha shemeji magunia kumi ya mbegu, ya kumi na moja akamsindikizia mwenyewe kichwani, wakakumbatiana pale mlangoni, na dada akamwambia ndugu yangu yaliyopita—

"Magunia ya nani?" Kisiki ameacha maharage. "Nilimpa jembe. Mbegu nilipanda mimi, shambani kwangu. Yeye na mkewe wakapalilia, wakala jioni. Simulia hivyo."