Picha ya Mto na Salamu Iliyochelewa

Juzi nilikuwa ofisi ya ardhi, Kilosa, nikisubiri zamu yangu. Mfugaji mmoja aliingia, akamwinamia mzee mkulima wa Chanzuru. "Shikamoo, mzee." Mzee akageukia dirishani. Kwetu, kutoitikia shikamoo ni tusi tosha.

Wote wawili waliitwa kwa sababu ya ukingo wa mto Mkondoa. Miti imekwisha na mto unamega mashamba.

"Ng'ombe wao ndio waliomaliza miti," mzee alimwambia ofisa. "Fungua picha za setilaiti uone."

Ofisa akawageuzia kompyuta. Kweli, ukingo ulikuwa mtupu.

"Sasa rudi nyuma, kabla hawa hawajahamia," mzee akasema.

Ofisa akarudi nyuma, mwaka hadi mwaka. Wafugaji hawajafika bado, lakini miti haipo, na shamba limeshuka hadi majini.

"Shamba la nani hili?" ofisa akauliza.

Mzee akavua kofia, akaikunja taratibu. "Langu."

Naiamini setilaiti kwa sababu haina shemeji kijijini. Ila kilichonifurahisha zaidi hakikutoka angani. Mzee alimgeukia yule mfugaji, akamwambia, "Marahaba, mwanangu."