Bunduki Mbili, Bega Moja

Jumamosi, tarehe kumi na tatu Aprili, saa mbili asubuhi, nilikuwa nje ya nyumba yetu hapa Kensington, kusini kabisa mwa Afrika, nikimfungulia baba mkwe wangu mlango wa nyuma wa gari. Siku zote hukaa nyuma, upande wa kushoto, kofia magotini. Mlinzi wa mtaa wetu, Mkongomani mwenye adabu nyingi, aliamini kwa miezi kadhaa kwamba mimi ni dereva wa mzee tajiri. Sikumsahihisha. Ingenichukua muda kumweleza kwamba kwetu, magharibi mwa Kenya, mke wa mwana hampi mkono baba mkwe wake, haketi naye kwenye kochi moja, na akimpelekea chai huiweka mezani na kurudi nyuma hatua mbili. Hiyo ni heshima, wala haina ubaridi wowote. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa yangu sikuwahi kumgusa mzee huyu, na sidhani kama kuna mtu mwingine ambaye nimemwangalia kwa makini kiasi hicho.

Asubuhi ile tulikuwa tunakwenda kuchagua bunduki.

Mchezo wenyewe niliuingia kwa bahati. Benki ninayofanyia kazi ilitupeleka siku moja kwenye uwanja wa kulenga shabaha, mashariki mwa jiji, ambako mashine hurusha angani visahani vya udongo nawe huvipasua kwa bunduki ya marisau. Mume wangu, aliyealikwa pamoja nami, alisikia mlio wa kwanza akaenda kukaa ndani ya gari hadi mwisho. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa na uso wa msichana. Baba, ambaye alikuwa amehamia kwetu baada ya kufiwa na mkewe, na ambaye kwa wiki nyingi alikuwa akila bila kusema neno, aliinua kichwa chake mezani.

"Ulikifuata kisahani, au ulikisubiri?"

"Nilikisubiri, Baba."

"Ndiyo maana ulikikosa."

Nilikuwa sijamwambia kwamba nilikikosa. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba katika ujana wake, akiwa mwalimu, likizo zake zote alizimalizia porini akiwinda kanga na kwale, hadi uwindaji ulipopigwa marufuku. Tangu jioni ile Jumamosi zikawa zetu. Nilisoma, nikafanya mtihani, nikapata leseni ya upigaji. Sheria ya hapa humruhusu asiye na leseni kupiga bunduki ikiwa tu mwenye leseni amesimama kando yake, na mwenye leseni nyumbani kwetu ni mimi. Husimama kando yake, hatua mbili.

Kisha mwaka jana aliteleza bafuni, na bega lake la kulia likafanyiwa upasuaji. Daktari alimruhusu kurudi uwanjani kwa sharti kwamba bunduki isimpige teke kali. Ile ya klabu tuliyokuwa tukiazima, ya mitutu miwili na umri mkubwa, ilipiga teke kama punda. Naye wifi yangu, dada wa mume wangu aliye Kitale, alikuwa anapiga simu kila Jumapili akitaka baba yake arudishwe nyumbani.

"Bega likikataa, sina la kufanya hapa," Baba aliniambia siku moja, kwa utulivu, kama anayezungumzia mvua. "Nitarudi nikalinde mahindi."

Mimi sikutaka arudi.

Muuzaji wa bunduki alitukuta uwanjani. Alikuwa Mzungu wa makamo aliyevaa kaptura katika ubaridi wa asubuhi ile, na alitandaza bunduki mbili juu ya meza. Kwa macho yangu zilikuwa mapacha. Zote hujipakia zenyewe: ukipiga, ganda tupu linaruka nje na risasi inayofuata inaingia. Tofauti ilikuwa tumboni. Moja hutumia hewa ya moto ya baruti kuendesha mtambo wake, na kwa kuwa nguvu fulani imeishia humo, teke linalofika begani hupungua; lakini ni nzito, na hujaa masizi yanayotaka kusafishwa kila mara. Ya pili hutumia lile teke lenyewe pamoja na springi. Ni nyepesi, ni safi, na mshindo wake wote humwangukia mpigaji.

"Nyepesi kwa kuwinda, nzito kwa visahani," alisema muuzaji, "ingawa kila moja inaweza kazi zote mbili. Watu hutaka niwachagulie. Eish, na mimi mwenyewe mke wangu ndiye hunichagulia hata soksi."

Nilianza mimi. Ile nyepesi ilinikaa kama koti langu la zamani. Nilipasua karibu kila kisahani, na nikajua kwamba nimeipenda.

"Hiyo imekukubali, mama," alisema Baba.

Zamu yake ilipofika aliishika hiyo hiyo. Wengine huamuru mashine kwa Kiingereza, yeye husema "Haya!" na mwendesha mashine alishazoea. Alipasua visahani vitatu mfululizo, akaiweka bunduki mezani.

"Hii," alisema. "Kwa kutembea kutwa nzima ukitafuta kanga, ni hii."

"Na bega?" aliuliza muuzaji.

"Bega gani?"

Lakini chupa ya maji aliichukua kwa mkono wa kushoto.

Muuzaji naye aliona. "Wanaume nikiwauliza kuhusu maumivu sisikilizi jibu," aliniambia. "Mama, simama nyuma yake, weka kiganja hapa, nyuma ya bega, apige tena. Utajua mwenyewe."

Hakuna aliyesogea. Baba alitazama nyasi, mimi nilitazama viatu vyangu. Yule bwana, akidhani naogopa, alianza kunihakikishia kwamba hakuna hatari yoyote. Nilikuwa karibu kumwomba aweke mkono wake mwenyewe, Baba aliponiuliza, bila kugeuka:

"Sheria ya hapa inasema nani asimame karibu nami?"

"Mimi, Baba."

"Basi simama. Hapa wewe si mkwe. Ni leseni."

Nilicheka hadi machozi yakanilengalenga. Muuzaji, asiyeelewa Kiswahili chetu, aliuliza kama tunapatana bei.

Niliweka kiganja changu. Bega lilikuwa jembamba kuliko nilivyodhani, na lenye joto lililopenya shati. Aliposhika ile nyepesi, mwili wake ulikakamaa kabla hajasema neno, kama mtu anayengoja sindano. Mlio ulipotoka, bega lilijikunja chini ya mkono wangu na kutetemeka. Kisahani kilipasuka vizuri sana. Akachukua nzito. Safari hii "Haya!" ilitoka mara moja, sauti ya mwalimu mbele ya darasa, na nilichohisi ni msukumo tu, kama wa mtu anayekupita kwenye benchi la kanisa akielekea mahali pake. Alipiga mara ya pili bila kuambiwa.

"Nimechagua," nilimwambia muuzaji. "Nachukua nzito. Napenda mtutu usiotikisika."

Baba alinitazama, akavaa kofia yake.

Alipanda nyuma kama kawaida. Tulisimama kwenye roboti, kama taa za barabarani zinavyoitwa huku.

"Ile nyepesi ndiyo uliyoipenda," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Na umechukua nzito."

"Ndiyo, Baba."

Taa ikawa kijani.

"Bega lilisema?"

"Lilisema."

"Nilidhani nimelinyamazisha," alisema, na kwenye kioo nilimwona akicheka peke yake, uso ameuelekeza dirishani.

Bunduki ilibaki kwa muuzaji ikisubiri leseni yake, maana huku kila bunduki hutakiwa kuwa na yake, na leseni haina haraka. Wifi yangu aliendelea kupiga simu. Mwishowe, tarehe tano Juni, nilimwandikia.

"Wifi yangu mpendwa,

Umeniuliza Baba anarudi lini, nami nimekuwa nikikujibu kwa kuzungukazunguka. Sasa nakujibu sawasawa. Anasema hawezi kusafiri kabla leseni haijatoka, kwa sababu bunduki ikifika lazima awepo kunionyesha inavyofunguliwa na kusafishwa. Nikamkumbusha kwamba ikishatoka msimu wa kuwinda kanga huku utakuwa umepita. Akasema basi tutasubiri msimu mwingine. Sikumbishia, nawe nakuomba usimbishie.

Bega linaendelea vizuri. Muuzaji hutuazima bunduki ya aina ile ile siku za Jumamosi, na Baba hula vizuri akirudi. Najua unamkosa, na nyumba ile ni kubwa kwa mtu mmoja. Njoo Desemba umwone. Tutakulipia nauli, na kaka yako atafurahi kupata mtu wa kukaa naye garini wakati sisi tunapiga.

Jambo moja. Nyuma ya mlango wa chumba chake, huko Kitale, umetundikwa mkanda wa ngozi wa kuwekea risasi. Jana aliniuliza kama panya wanaweza kuwa wameula, kisha akasema nisikusumbue. Tafadhali upake mafuta, umpe mtu yeyote anayekuja huku.

Mimi, mke wa kaka yako."