Grili Inayofunguka kwa Ndani

Mkibisha shauri yenu, lakini Kihonda nzima hakuna anayechomelea vyuma kama mimi. Juzi karakanani kwetu mama mmoja alifuata grili ya dirisha, akafurahi kuona inafunguka kwa ndani.

"Nani kaitengeneza?"

"Mimi. Shikamoo mama," akajibu kijana tuliyeletewa kutoka shule ya maadilisho. Utotoni alichoma bweni; wenzake wawili walifia kwenye dirisha la nondo.

Punde mama akamgeukia. "Kumbe ndiye wewe? Siichukui!"

Bosi akamwambia avue ovaroli. Akaikunja vizuri, akaikabidhi kwa mikono miwili. "Asante, bosi."

Serikali ilimrekebisha miaka, sisi tukammaliza kabla chai haijapoa.

Nimewaficha kitu: niliyemnong'oneza mama yule ni mimi. Grili ile ilinishinda mara mbili.