Swali la Japheth Yator

Japheth Yator ameishi Maskati, Omani, miaka kumi na moja, akitengeneza viyoyozi. Mkenya mwenzake akimuuliza kabila hujibu, "Msengwer," naye huambiwa, "Si hao ni Wakalenjin tu?" Zamani alikuwa akieleza habari za msitu wa Embobut alikozaliwa, na nyumba ya mama yake iliyochomwa na askari wa misitu waliokuja kuwahamisha. Siku hizi husema, "Haya, sawa."

Chama chake cha siasa huko Kenya kilipotafuta kiongozi mpya, wanachama walio ng'ambo waliruhusiwa kupiga kura kwa simu. Harrison, fundi umeme aliyekuwa akimtafutia wafuasi mgombea mmoja, Wakili Wilkister, alimwita Japheth chumbani kwake mtaa wa Hamriya siku ambayo wagombea watatu walizungumza na wanachama kwa video. Japheth alisoma swali lake: wakishinda, watawatambua Wasengwer kuwa taifa lenye ardhi yake, si tawi la majirani?

Wa kwanza alisema Kenya ni moja, na mataifa ndani ya taifa huleta vita. Wa pili aliahidi kuunda kamati. Wilkister akasema, "Japheth, nyinyi ni taifa. Mlikuwa hapo kabla ya serikali."

Japheth alilia mbele ya watu.

Kwa wiki tatu alimpigia simu kila Msengwer aliyemjua, toka Doha hadi Eldoret. Sitini walijiandikisha chamani. Wilkister akashinda kwa tofauti ya kura arobaini na moja.

Hata miezi miwili haikupita. Japheth alikuwa mtaa wa Azaiba akitengeneza kiyoyozi nyumbani kwa Bi Shariffa, Mwomani mzaliwa wa Unguja, mama yake alipopiga simu kutoka Embobut.

"Yule mtu wako amekuja huku. Amewaambia majirani hakuna watu wanaoitwa Wasengwer, sisi ni ukoo wao tu. Wakapiga makofi. Na mimi nimesimama pale, nimevaa fulana ya picha yake."

Bi Shariffa alimwona ameduwaa na bisibisi mkononi. "Una nini, mwanangu?" Akamweleza.

"Sie kule tukiitwa Waarabu, tukafukuzwa," alisema Bi Shariffa. "Hapa twaitwa Wazinjibari, watu wa Zanzibar. Nna miaka hamsini mtaa huu, na bado naulizwa asili yangu." Alisema bila huruma, kama anayetaja bei ya samaki, akarudi jikoni.

Jioni Japheth alimfuata Harrison, ambaye sasa alikuwa mwakilishi wa chama nchi zote za Ghuba.

"Alituambia sisi ni taifa. Ulisikia!"

"Alikuwa anatafuta uongozi wa chama, bro. Sasa anatafuta kura za nchi. Kwani nyinyi mko wangapi?"

Japheth akajitoa chamani, lakini wale sitini hawakumwacha. "Ni wewe ulituambia tumwamini," walisema mmoja baada ya mwingine. Japheth alipokea kila simu, akaomba radhi kwa kosa ambalo Wilkister hakuliombea radhi.