Sikio la Chisato

Akune Chisato alizaliwa Sakai, kwa mhunzi wa visu. Alifundisha piano watoto wasiotaka kufundishwa, mpaka mwaka 1983 kampuni moja ya michezo ya video mjini Osaka ikamwajiri kutunga muziki. Jina lake halikuonekana popote. Kampuni iliogopa kunyang'anywa watunzi wake, hivyo kila mmoja alibandikwa jina la uongo. Chisato akawa Figili, na mwenzake Segawa akawa Tofu. Hebu fikiria kumweleza mama yako kwamba wewe ndiye Figili!

Lakini sikio alikuwa nalo. Mashine za wakati ule zilitoa sauti tatu na mkwaruzo wa kelele, basi, na watu wa nje waliona watunzi wote ni walewale. Wapi! Mwenzao Udagawa aliogopa ukimya: alimwaga noti mbio mbio hadi sauti tatu zikadanganya kuwa kumi. Wimbo wa Orie ungeupiga mluzi ukiosha vyombo. Segawa, aliyemfundisha Chisato kazi, aliweka uzito wote kwenye besi, ile sauti ya chini kabisa, ikatembea polepole kama mtu anayejua unapokaa. Halafu, kabla wimbo haujajirudia, alikata pigo moja. Kimya. Mchezaji alishtuka asijue kwa nini. Chisato aliuiga ujanja huo waziwazi, na Segawa alifurahi.

Mchana, wakila tambi, wenzake walimjaribu kwa kanda zisizo na jina.

"Haya Figili, huyu nani?"

"Udagawa. Tena alikuwa na njaa."

"Mchawi wewe!"

Hakuwahi kukosea. Sifa hiyo ikapanda ngazi hadi kwa Kitaoka, mkuu wa idara.

Juni ya mwaka 1989, mvua ikiwa siku ya tisa bila kukatika, Kitaoka alimwita. Alifunga mlango, akashusha pazia, kisha akammiminia chai ya shayiri kwa mkono wake mwenyewe. Kitaoka hakuwahi kummiminia mtu chai. Chisato hakuigusa.

"Kaa, dada. Huu ni mchezo mpya wa washindani wetu. Kuna mtu wetu anawatungia kwa siri. Nataka sikio lako tu."

Chisato alielewa. Atakayepatikana hatafukuzwa tu. Kitaoka angepiga simu kila mahali, na Osaka nzima isingempa kazi tena.

Muziki ukaanza. Besi ikatembea. Pigo likakatika. Alikuwa Segawa mzima mzima.

"Nani?"

"Simjui, bosi."

"Sikiliza tena."

Akasikiliza tena. "Labda mtu wa Tokyo. Wale wanapenda mambo mazito."

"Si Udagawa?"

"Huyo hata usingizini hanyamazi."

Kitaoka hakucheka. "Orie?"

"Hapana. Hauimbiki huu."

"Segawa?"

Aliogopa kusita, akajibu haraka. "Siye, bosi. Namjua kuliko wote. Besi ya Segawa ni nzito kuliko hii. Naapa."

"Unaapa?"

"Naapa."

Kitaoka alivuta pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Afadhali. Nilikuwa na shaka naye kidogo. Asubuhi alikaa hapo hapo ulipokaa. Naye alisema si yake."

"Ndiyo, bosi."

"Ila yeye alinitajia mtu. Wala hakungoja wimbo ufike mwisho."

Akafungua mtoto wa meza, akatoa barua ya kujiuzulu iliyokwisha kupigwa chapa, akaisogeza mbele yake pamoja na kidau cha wino mwekundu. Ilikosa mhuri wa Chisato tu, ambao kwao ndio sahihi.

"Usinifanye niseme mengi, dada. Piga mhuri."

Chisato alifumbua mdomo amtaje Segawa. Lakini alikwisha kumsafisha kwa kiapo, dakika ileile, na Kitaoka alikuwa amemwamini.