Bunduki Iliyochelewa Miaka Mitatu

Shemeji yangu Velma Hudak ana miaka sabini na moja, na hasira zake hazijazeeka. Kwa miaka thelathini aliwapikia watoto wa shule katika bonde letu la makaa ya mawe, lakini watu humfuata kwa ajili ya bunduki kuukuu. Baba yake, fundi wa bunduki, alimfundisha kuzitambua pale pale jikoni, kabichi ikichemka.

Agosti alikuja Lloyd Tregenza, mwenyekiti wa chama cha wachimbaji, na bunduki ya kijeshi ya risasi moja moja. Hadithi yake sote twaijua: mwaka 1887, askari walipowaua wagomaji tisa, babu wa baba yake Lloyd alimpokonya askari bunduki hiyo. Jumapili ya kumbukumbu yao bunduki ingetundikwa ukumbini mwa chama, na jina la Tregenza chini yake; alitaka Velma aandike hati ya kuithibitisha.

Baba wa babu yake Velma, Andrej, alikuwa mmoja wa wale tisa. Mahakamani askari walijitetea kwamba mgomaji ndiye aliyenyakua bunduki kwanza. Wakaachiwa huru.

Velma aliigeuza bunduki. Ubavuni mwa kitako, kwenye mti, palikuwa na muhuri mdogo wa mkaguzi wa jeshi: herufi tatu na mwaka 1890.

"Siku ile hii ilikuwa haijatengenezwa," alisema. "Babu yenu aliinunua baadaye, Lloyd, jeshi lilipouza silaha zake kuukuu."

"Dada Velma, yaliyopita si ndwele. Andika tu kwamba ni ya zamani. Nani ataumia?"

"Si ndwele kwako! Miaka yote mnajitapa kwa uongo ule ule uliowaokoa waliomuua Andrej. Huna haya?"

Lloyd akaichukua, akaondoka bila kuaga.

Jumapili tuliikuta ukutani iking'aa. Lloyd alikuwa amekipiga msasa kitako kizima na kukipaka mafuta, kama wanaume wa kwetu wafanyavyo kabla ya msimu wa kuwinda paa. Muhuri hakuna. Sifichi, nilitaka kumzaba kibao.

Velma alipanda juu ya kiti na viatu vyake vya kanisani, akaiteremsha.

"Mti umeupiga msasa, mwenyekiti. Chuma je?" Akasoma kwa sauti namba iliyochongwa nyuma ya chemba: laki nne, tisini na sita elfu na ushee. "Vitabu vinavyoonyesha kila namba ilitengenezwa mwaka gani vipo, someni wenyewe. Ni ya 1890. Wazee wetu hawakunyakua kitu. Waliuawa mikono mitupu, na sisi tumewasaidia wauaji kusema uongo!"

 

Velma akaanza kuwataja wale tisa, mmoja mmoja, akitaka tuitikie "mikono mitupu" kila jina. Jina la kwanza, Andrej Hudak, hakuna aliyefungua kinywa. La pili, sauti moja iliitikia kutoka kiti cha mbele. Ilikuwa ya mama yake Lloyd.