Nimeshafika, Kumbe Bado Uko Kwenye Matope

Mwanangu, zima injini kwanza unisikilize, maana ukiwa umeshika usukani hunisikii. Jana nilikupigia, ukaniambia, "Nimeshafika Mwanjelwa, mzee, nashusha mzigo." Nyuma yako nasikia ng'ombe wanalia. Tangu lini pale sokoni pakawa na zizi? Ulikuwa bado Usangu kwa wafugaji, na masika yanamwagika. Kuchelewa kwako hakukuniudhi. Nilishika kichwa kwa sababu nilijua utakachofanya ukishakata simu.

Kitu hicho nilishakiona kwa macho yangu, nikiwa kijana wa rika lako. Nilipanda pikapu ya binamu yangu Festo, aliyekuwa akipeleka vifaranga kutoka Kihesa hadi Kilolo. Barabara ilikuwa ya udongo, na mvua ilikuwa imeilainisha kama ugali mbichi. Vifaranga wachanga hawataki baridi wala maji. Mteja wetu, Mama Kikoti, alikuwa ameuza mbuzi wake ili aanze kufuga kuku, na siku hiyo alishawasha jiko la mkaa bandani kuwapokea. Akapiga simu.

"Uko wapi, baba?"

"Nimefika, mama! Naingia hapo sokoni."

Hata nyumba za Kihesa tulikuwa hatujazimaliza! Festo akanikonyeza, akakanyaga mafuta.

"Punguza, kaka, panateleza."

"Ukiogopa shuka, utembee na gumboti zako. Mimi nina mtu ananisubiri."

Unaona, mwanangu? Hakuwa akiifuata barabara tena. Alikuwa akiukimbiza uongo wake. Kwenye kona ya mteremko akakanyaga breki ghafla. Tope halina urafiki na breki. Magurudumu yakaacha kuzunguka, gari likaendelea kwenda lenyewe, likalala ubavu mtaroni. Sisi tulitoka na michubuko. Maboksi yakapasukia kwenye maji. Tukawaokota vifaranga, tukawatia ndani ya mashati yetu, lakini mmoja baada ya mwingine wakanyamaza vifuani mwetu.

Trekta lililotukuta njiani lilipotufikisha Kilolo, Mama Kikoti alikuwa bado amesimama sokoni, kanga imelowa chapachapa. Aliambiwa tumefika, akatoka kutupokea, akaogopa kurudi ndani tusije tukapishana. Akafungua shati la Festo, akatazama, akalifunga polepole.

"Nani alikwambia uwahi?" akamuuliza. "Mimi nilikuuliza uko wapi tu. Ungesema uko mbali, ningeongeza mkaa nikakaa zangu ndani."

Na wewe jana ungejibu nini?

Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Wakati wa masika huwa fupi zaidi, huishia mtaroni. Mteja akiuliza uko wapi, hajakuomba mbio. Anataka kujua kama aweke chai jikoni au akalale. Mwambie ukweli. Atanung'unika kidogo, naam, lakini kunung'unika hakujawahi kupindua gari.

Mengine nimeshayasema hadi koo limekauka, na nitayasema tena, kwa kuwa dereva mzuri unaye ndani yako, ila unamfungia. Ondoka mapema. Ingia gia ndogo kabla ya mteremko, usisubiri ufike katikati yake. Kwenye tope gusa breki taratibu, kama unayemwamsha mtoto. Ukungu ukishuka, washa taa, upunguze mwendo, na umwache wa mbele yako awe mbali. Maji yakikatiza barabara na huoni chini, simama, hata kama lori limepita mbele ya macho yako. Wewe si lori. Kawia ufike.

Mungu akutangulie kwenye kila kona, magurudumu yako yashike ardhi, na mama yako asikie honi yako mlangoni kila jioni.

Haya, washa gari. Simu ikilia, egesha kwanza pembeni mahali salama, tazama ulipo, kisha utaje mahali hapohapo.